Hesabu Magamba Kabla ya Kugusa Rangi
Mwongozo wa kumtambua na kumchora samaki wa ukoo wa kapi jijini Toronto

Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, kwenye maji ya kina kifupi ya bwawa la Grenadier ndani ya High Park, migongo mipana ya samaki huonekana ikipasua maji katikati ya matete. Hao ni kapi wa kawaida, Cyprinus carpio, waliokuja kutaga. Wapita njia husimama, huinua simu, hupiga picha mbili tatu na kuendelea na safari. Picha hizo zinafaa kuonyeshwa watoto nyumbani, ila hazijibu swali la msingi: huyu ni kapi wa kawaida, ni samaki wa dhahabu aliyetupwa na mwenyewe akakulia humo, au ni kapi mla nyasi, ambaye sheria ya Ontario inakataza mtu kuwa naye akiwa hai? Majibu yako kwenye mwili wa samaki. Mwongozo huu unashikilia kwamba mtu asiye mtaalamu atayapata kwa uhakika zaidi akichora kwa penseli, na akianza kuchora kwa kuhesabu: magamba, vijiti vya mapezi, ndevu. Rangi ije mwisho, au isije kabisa.

Kwa nini rangi isitangulie

Ukoo huu, kwa mpaka wake wa zamani wa Cyprinidae, ndio mkubwa kuliko koo zote za samaki wa maji baridi. Mtu aliyetoka Kisumu, Musoma au Jinja akahamia Toronto anawajua ndugu zao tangu utotoni: ningu, Labeo victorianus, anayepanda mito ya Ziwa Victoria wakati wa mvua, kuyu, na dagaa wa ziwa hilo, yaani dagaa wa Mwanza, Rastrineobola argentea, ambaye Kenya ni omena na Uganda ni mukene. Siku hizi wataalamu wengi wameugawa ukoo huo kuwa koo kadhaa, hivyo vidagaa vya mito ya Ontario na dagaa wa Mwanza wamepelekwa kwenye koo zao tofauti. Mchoraji asiumize kichwa kwa hilo. Alama za msingi ni zilezile kwa wote: taya hazina meno kwa sababu meno yako kooni, kichwa hakina magamba, pezi la mgongo ni moja tu, na hakuna kipezi cha nyama karibu na mkia kama alichonacho salmoni.

Sasa mtazame koi wa Kijapani bustanini: mwekundu, mweupe, mweusi, au mabaka ya rangi zote hizo. Mfutie rangi akilini, uhesabu magamba ya mstari wa ubavuni na ndevu zake, na utakayebaki naye ni kapi yuleyule wa tope. Samaki wa dhahabu naye ni ushahidi wa upande wa pili. Kwa asili yake ni wa kijani cha zeituni au kahawia; rangi ya machungwa ilipatikana baada ya watu wa China kuchagua mbegu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Akitupwa kwenye bwawa la kukusanyia maji ya mvua pembezoni mwa jiji, vizazi vyake hurudia rangi ya tope, na anayetafuta kitu cha dhahabu atampita bila kumwona. Nyumbani kwetu Afrika Mashariki kosa hilohilo liko sokoni. Dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma wote ni wadogo, wote wa rangi ya fedha, wote huanikwa juani, lakini wa Kigoma ni wa ukoo wa heringi. Wa Mwanza ana mstari wa ubavuni unaopinda na kupita chini karibu na tumbo. Wa Kigoma hana mstari huo, na ukimpitishia kidole tumboni utahisi ukingo mkali wa magamba magumu.

Historia ya vitabu inaunga mkono hoja hii. Mwaka 1719 Louis Renard alichapisha Amsterdam kitabu cha samaki wa bahari za Mashariki ya mbali, kimejaa rangi za kupendeza, na ndani yake akaweka hata nguva mwenye mwili wa mwanamke. Leo kinatazamwa kwa uzuri na kwa mshangao wake. Baadhi ya michoro yake haimtambulishi samaki kwa uhakika. George Boulenger wa jumba la makumbusho la London, ambaye ndiye aliyempa ningu jina lake la kisayansi mwaka 1901, alitoa orodha yake ya samaki wa maji baridi wa Afrika kati ya 1909 na 1916. Michoro yake haina rangi, na mingi ilitokana na samaki waliokaa kwenye chupa za spiriti hadi wakapauka. Watafiti bado wanaifungua, kwa sababu magamba na vijiti vimehesabiwa.

KISANDUKU: Kabla hujafika kwenye maji

- Kutazama na kuchora hakuhitaji leseni. Kuvua kunahitaji: Ontario inawataka watu wa miaka 18 hadi 64 kuwa na leseni ya uvuvi.
- Usihamishe samaki hai kutoka maji haya kwenda mengine, wala usimwachilie samaki wa tangi la nyumbani mtoni au bwawani. Kumhurumia kwa njia hiyo ni kosa kisheria.
- Kapi na samaki wa dhahabu hawaruhusiwi kuwa chambo hai.
- Ukikusudia kula ulichovua, soma kwanza mwongozo wa serikali ya Ontario wa kula samaki. Unaonyesha milo mingapi kwa mwezi ni salama, kwa aina ya samaki, urefu wake na mahali alipovuliwa. Kapi mkubwa mwenye mafuta huhifadhi sumu za viwandani mwilini, na bandari ya Toronto ina historia ndefu ya viwanda.
- Tembea polepole ukingoni. Samaki hawa wana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani, hivyo husikia vizuri kuliko samaki wengi.

Anzia mezani

Ushauri huu unaweza kuonekana wa ajabu kwa mwongozo wa samaki wa porini, lakini mchoro wako wa kwanza ufanyie jikoni. Samaki wa bwawani hatulii, maji yana tope, na mwanga unarudi machoni. Nenda kwenye maduka ya samaki ya Chinatown, kwenye mtaa wa Spadina, ununue kapi mzima aliyelazwa kwenye barafu, na umwambie muuzaji mapema asimpare magamba, maana mkono wake huwa mwepesi kuliko ulimi wako. Au nenda upande wa mashariki, kwenye maduka ya Wabangladeshi ya Danforth, ukaulize rui aliyegandishwa. Huyu ni Labeo rohita, wa jenasi moja na ningu. Aliyemla ningu akiwa mdogo ataiona midomo ile minene yenye kingo za mikunjo na kujua mara moja anatazama jamaa wa nani.

Vifaa havizidi penseli ngumu na laini, rula, bikari, pini, lenzi ya mkononi, kipande cha karatasi nyeusi na karatasi ya kuchorea. Ukikosa bikari, ukanda wa karatasi unaoutia alama utatosha.

Hatua za kuchora

1. Mlaze samaki kichwa kikielekea kushoto kwako. Ndivyo vitabu vingi vya samaki vinavyofanya, na mchoro wako utalinganishwa navyo bila kugeuzwa.

2. Pima urefu kutoka ncha ya pua hadi pale mkia unapokunjika ukiusukuma kwa kidole. Usipime hadi ncha ya mkia, kwa kuwa ncha hukatika na kuchakaa. Chora mstari wa urefu huo, au nusu yake, kwenye karatasi.

3. Kwenye mstari huo tia alama za jicho, ukingo wa kifuniko cha matamvua, na mianzo ya pezi la mgongo, la tumbo na la mkundu. Hamisha kila umbali kwa bikari. Usikisie hata kimoja: jicho la binadamu hupenda kukuza kichwa na kufupisha mkia.

4. Chora mdomo ukiwa umefungwa. Unaelekea mbele, juu au chini? Tafuta ndevu kwa ncha ya pini. Kapi wa kawaida ana jozi mbili: ndogo juu ya mdomo, na ndefu zaidi kwenye pembe za mdomo, ambazo kwa samaki aliyekufa hujilaza kwenye ngozi na kufichwa na utelezi.

5. Hesabu magamba ya mstari wa ubavuni. Anza la kwanza nyuma ya kifuniko cha matamvua, umalizie pale mkia unapokunjika. Kila gamba la mstari huu lina kitundu kidogo katikati, na kwa lenzi utakiona kama nukta yenye mfereji. Gusa kila gamba kwa pini, na kila ukifika kumi weka alama pembeni mwa karatasi. Hesabu mara mbili; zikitofautiana, rudia.

6. Fungua pezi la mgongo kwa pini, uweke karatasi nyeusi nyuma yake, uhesabu vijiti. Kisha pitisha ukucha nyuma ya kijiti kigumu cha mbele. Ukikwama kwenye meno madogo kama ya msumeno, umeshapunguza orodha yako hadi kapi wa kawaida, samaki wa dhahabu na mahuluti yao.

7. Sasa ndipo uchore magamba: safu ya mstari wa ubavuni kwanza, kwa idadi uliyoipata, halafu safu za juu na za chini zikipandana kutoka hapo.

8. Rangi iandike kwa maneno pembeni, pamoja na saa na hali ya mwanga. Ukitaka kuipaka baadaye, paka kwenye nakala.

Kwa samaki hai uliyemvua kihalali hatua hizi ni nyingi mno, na usijaribu kuzimaliza. Lowesha mikono, mweke ndani ya chombo chenye maji ya mahali hapohapo, angalia mambo mawili tu, ndevu na pezi la mgongo, piga picha ya ubavu mzima, umrudishe palepale. Magamba utayahesabu kwenye picha, ukimchora nyumbani.

Watatu wanaochanganywa

Kapi wa kawaida aliletwa Amerika Kaskazini katika karne ya 19 kama chakula, akaenea mwenyewe. Hula kwa kufukua tope, na kufukua huko huchafua maji na kung'oa mimea ambamo samaki wengine hutaga. Ndiyo sababu huko Hamilton, mwisho wa magharibi wa Ziwa Ontario, bustani ya Royal Botanical Gardens ina kizuizi kwenye mlango wa kinamasi cha Cootes Paradise: nondo zilizopangwa huruhusu samaki wadogo kupita, na wakubwa huingia mitegoni ambako watu huwachambua, wenyeji wakapitishwa, kapi wakarudishwa bandarini. Kazi hiyo yote inasimama juu ya mtu kutazama samaki na kusema, bila kukosea, huyu ni nani. Samaki wa dhahabu naye ni mgeni, mdogo kiasi lakini mwenye kuvumilia maji yasiyo na hewa, kwa hiyo hudumu mahali ambapo wengine hufa. Wa tatu ndiye wa kuogopwa. Kapi mla nyasi, Ctenopharyngodon idella, humaliza mimea ya majini yenyewe, na mwaka 2015 alikamatwa hapa hapa Toronto, kwenye Tommy Thompson Park. Yeye na kapi wenzake watatu wa Asia, yaani wa fedha, kichwa-kikubwa na mweusi, wamepigwa marufuku chini ya sheria ya Ontario ya viumbe vamizi ya mwaka 2015.

Kwa mbali, wote watatu wanaweza kuwa samaki wanene wa kahawia. Kwenye karatasi hawafanani.

KISANDUKU: Angalia haya

*Kapi wa kawaida:* ndevu jozi mbili; pezi la mgongo refu, lenye mwiba wa msumeno mbele; magamba ya ubavuni 35 hadi 39 kwa kawaida.

*Samaki wa dhahabu:* hana ndevu kabisa. Pezi la mgongo refu, lenye mwiba wa msumeno. Magamba makubwa, karibu 25 hadi 31.

*Kapi mla nyasi:* hana ndevu. Pezi la mgongo fupi, vijiti visivyozidi 10, bila mwiba. Pezi la mkundu liko nyuma sana karibu na mkia. Magamba karibu 40, yenye kingo nyeusi zinazoonekana kama zimechorwa kwa wino.

*Asiye wa ukoo huu:* samaki mfyonzaji mweupe, Catostomus commersonii, mwenyeji wa mito ya Toronto. Midomo minene yenye vinundu, imeelekea chini. Magamba madogo, zaidi ya 50.

Tazama kwamba magamba ya kapi wa kawaida na ya mla nyasi yanakaribiana. Hesabu moja peke yake haitoshi. Ni hesabu pamoja na pezi na ndevu ndizo zinazofunga kesi.

Yule mdogo usiyepaswa kumgusa

Ukoo huu una upande mwingine Toronto, usiohusu wageni. Clinostomus elongatus ni kisamaki ambacho kwa kawaida hakizidi urefu wa kidole kirefu, mdomo mkubwa, taya la chini likichomoza mbele ya la juu, na mkanda mwekundu kuanzia nyuma ya matamvua hadi karibu nusu ya mwili. Huruka nje ya maji kukamata wadudu wanaopita juu ya kijito, jambo ambalo ndugu zake wachache hufanya. Sehemu kubwa ya waliobaki Kanada wako kwenye vijito vya eneo hili la Toronto, katika mabonde ya mito kama Rouge, Humber na Duffins Creek, na wameorodheshwa kitaifa tangu 2017 kuwa wako hatarini kutoweka. Ujenzi wa nyumba na barabara hupasha maji joto na kuyatia mchanga.

Hapa rangi inadanganya pabaya zaidi. Wekundu ule huwaka majira ya kuchipua wakati wa kuzaliana, halafu hufifia. Na visamaki vingine vya vijito hivyo, madume yao, huwa na wekundu pia msimu huohuo. Anayejua mkanda tu atamtia mwenyeji mwingine jina hili, au mbaya zaidi, atambeba huyu kwenye ndoo ya chambo. Taya linalochomoza halififii. Mchore kutoka vitabuni, hasa kile cha Royal Ontario Museum cha samaki wa maji baridi wa Ontario (2009), au mtazame ukiwa ukingoni kwa darubini ya ndege. Usimtegee wavu hata kwa nia njema.

Wanaopinga wana hoja

Hoja ya kwanza ni simu: picha ni ya haraka, na zipo programu za kutambua viumbe. Piga picha, tena nyingi. Lakini programu hupewa ulichokipiga, na mtu asiyejua alama hupiga mgongo unaong'aa na pezi lililofungwa. Aliyewahi kuchora samaki mara moja hujua pa kuelekeza kamera: pembe ya mdomo, pezi likiwa wazi, ubavu mzima.

Hoja ya pili ni kipaji. Mchoro wa aina hii hautafuti uzuri. Mtu anayeweza kupima kitambaa na kukikata anaweza kuhamisha umbali wa pezi kwa bikari, na mchoro mbaya wenye magamba 37 yaliyohesabiwa una thamani kuliko mzuri wa kubuni.

Hoja ya tatu ni nzito, na haimaliziki kwa sentensi moja: je, hesabu zenyewe haziwezi kudanganya? Zinaweza. Kapi na samaki wa dhahabu huzaana, na mahuluti yao hutoka na ndevu ndogo sana au jozi moja tu, na idadi ya magamba iliyo katikati. Kuna pia kapi wa kioo, aliyefugwa hadi akabaki na magamba machache makubwa yasiyo na mpangilio, na mwingine aliye karibu uchi. Kwa hao, hatua ya 5 haifanyi kazi. Lakini tazama kinachotokea: aliyetazama rangi anaandika "kapi" na kulala usingizi, wakati aliyehesabu anapata 32 na ndevu mbili ndogo, anaona hazilingani na orodha, na anajua ana huluti mkononi. Kwa kapi wa kioo bado una ndevu, mwiba na urefu wa pezi. Ukiwa na samaki wa mezani, una kitu kingine: chemsha kichwa, ondoa nyama, utoe mifupa miwili iliyopinda nyuma ya matamvua. Meno ya kapi wa kawaida ni mapana ya kusagia, kama magego, yamepangwa safu tatu kila upande. Ya samaki wa dhahabu ni safu moja ya manne. Yakaushe, uyachore kwa ukubwa maradufu.

Makosa ya kawaida

- Kuchora magamba kama wavu wa mistari inayokatana. Magamba hupandana, na wavu hauwezi kuhesabika.
- Kuweka ndevu kwa kila samaki mnene kwa sababu "kapi ana ndevu". Asiyekuwa nazo usimpe.
- Kuhesabu kutoka picha iliyopigwa kwa pembe. Magamba ya mkiani hubanana na kupotea.
- Kumchora mwiba mbele ya pezi la mla nyasi kwa mazoea ya mkono.
- Kuchora vinundu vyeupe vya kichwani kama alama ya kudumu. Huota kwa madume wakati wa kuzaliana, kisha huondoka.
- Kufuta hesabu ya kwanza baada ya kupata ya pili. Ziache zote.

Kwa walioko nyumbani, utaratibu ni huuhuu. Ziwa Naivasha lilipata kapi wa kawaida karibu mwaka 2001, na baada ya miaka michache akawa sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa humo. Pale Karagita, ukingoni mwa ziwa hilo, unaweza kumpata na kumhesabia magamba yaleyale 35 na kitu. Ningu amekuwa adimu tangu nyavu zilipowekwa kwenye midomo ya mito kuwakamata majike wenye mayai, hivyo mchoro wa ningu wenye tarehe na jina la mto una kazi kubwa kuliko wa kapi.

Pembeni mwa kila karatasi andika tarehe, jina la maji, sehemu ya ukingo, urefu, hesabu zote, na alama ya kuuliza pale ulipokuwa na shaka. Ukimkuta samaki asiye na ndevu, mwenye pezi fupi la mgongo na la mkundu lililorudi mkiani, usimsafirishe akiwa hai. Piga picha ya ubavu, ya kichwa na ya pezi la mgongo likiwa wazi, kisha piga simu ya Ontario ya viumbe vamizi, 1-800-563-7711, ukiwa bado hapo ukingoni, uwasomee hesabu zako na ufuate watakachokuelekeza.